Kutoka Mgeuko wa Umbo Hadi Mvunjiko: Mwongozo Kamili wa Kutumia Jiometria ya Difarenshali kwa Yabisi

Chukua tyubu kuukuu ya gari, ukate mkanda wake, kisha uchore juu yake mraba wenye upande wa milimita 20, ukiuweka mshazari kidogo ili usilingane na urefu wa mkanda. Uvute mkanda huo na kuukaza kwenye ubao kwa misumari. Mraba utageuka kuwa msambamba. Yote ambayo mhandisi anataka kuyajua kuhusu mkanda huo, yaani umevutwa kiasi gani, umevutwa kuelekea wapi na umebeba mkazo gani (nguvu kwa kila kipimo cha eneo), yamo katika badiliko moja tu: umbali kati ya vitone vilivyo jirani.

Jiometria ya difarenshali ni tawi la hisabati linalotumia kalkulasi kupima umbali, pembe na mpindo kutoka ndani ya umbo lenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo njia nyoofu kuliko zote ya kuingia katika somo la uimara wa yabisi. Wengi hulifikia kwa kuchelewa, baada ya miaka ya kukariri fomula za mihimili, na hulikuta likiwa limefunikwa na alama nyingi mno. Katika mwongozo huu tutaanza na rula. Unachohitaji ni kujua kuzidisha matriksi ndogo, kutafuta drivativu na kukumbuka kanuni ya Pythagoras. Baadaye utahitaji kompyuta yenye Python, lugha ya kuandikia programu, ili uandike msimbo wa hesabu hizi.

Hatua ya kwanza: chagua hali ya mwanzo

Kila kitone cha yabisi kipewe anwani X katika hali ya mwanzo, na mahali x kilipo baada ya umbo kugeuka. Chukua mshale mfupi sana unaounganisha vitone viwili jirani. Matriksi ya mgeuko, inayoandikwa F, ndiyo inayougeuza mshale wa mwanzo kuwa mshale wa mwisho, na viambajengo vyake ni drivativu za x kwa X. Kuichagua hali ya mwanzo ni uamuzi wako, haiji yenyewe. Mpira uliotoka kiwandani, chuma kilichokwisha kuchomelewa na mfupa ulio hai vyote vina mkazo wa ndani hata kabla hujavigusa. Andika uamuzi huo kwenye ukurasa wa kwanza wa kazi yako, kwa sababu makosa mengi ya baadaye huzaliwa hapo.

Hatua ya pili: pima umbali, usipime mahali

Tuseme upande wa kwanza wa mraba wako sasa ni milimita 28.0, wa pili ni 17.5, na ulalo mrefu ni 36.2. Namba hizo tatu zinatosha kukupa metriki, yaani jedwali linalokueleza jinsi ya kukokotoa umbali mpya kutoka anwani za zamani. Metriki hiyo huandikwa C, na ni sawa na FᵀF, ambapo Fᵀ ni F iliyobadilishwa safu zake kuwa nguzo.

Kiambajengo cha kwanza, C11, ni mraba wa 28.0 gawanya kwa 20, yaani 1.96. Kwa njia hiyo hiyo C22 ni 0.766. Ulalo ndio unaotoa kiambajengo cha pembe: mraba wa 36.2 gawanya kwa 20 ni 3.276, na namba hiyo inapaswa kuwa sawa na C11 jumlisha C22 jumlisha mara mbili ya C12, kwa hiyo C12 ni 0.275. Tazama kwamba hukuhitaji kujua ubao umelala upande gani wala mkanda umesogezwa umbali gani kutoka mahali ulipokuwa. Ungeubeba ubao wote hadi chumba cha pili na kuugeuza juu chini, na namba zile tatu zingebaki zilezile.

Kuwa mwangalifu na ulalo. Kosa la nusu milimita katika kuupima huihamisha C12 kwa 0.045 hivi, ambayo ni karibu sehemu moja ya sita ya thamani yake. Ukichora mraba mkubwa zaidi kosa hilo hupungua, lakini mraba mkubwa unaanza kuficha tofauti za mgeuko kati ya kona moja na nyingine. Mimi huona afadhali kupiga picha kwa simu kutoka juu wima, pamoja na rula ndani ya picha, kisha kupima kwa ImageJ, programu inayopatikana bure.

Unyumbuko, yaani kiasi ambacho umbali umebadilika ukilinganishwa na wa mwanzo, huandikwa E na hupatikana kwa kutoa matriksi ya utambulisho kutoka C na kugawanya kwa mbili. Hapa E11 ni 0.48, E22 ni hasi 0.117 na E12 ni 0.138.

Kwa nini tusitumie fomula fupi?

Vitabu vingi vya mwanzo hutumia unyumbuko mdogo, ambao ni wastani wa F na Fᵀ toa matriksi ya utambulisho. Kwa boriti isiyogeuka sana fomula hiyo haina ubaya. Lakini jaribu kuzungusha bamba la chuma kwa digrii 10 bila kulivuta hata kidogo. Fomula fupi itakuambia kwamba bamba limefupika kwa asilimia 1.5 katika pande zote mbili, kwa kuwa kosaini ya digrii 10 ni 0.985. Chuma laini chenye moduli ya Young, yaani kipimo cha ukinzani wa nyenzo dhidi ya kuvutwa, ya gigapaskali 200, ambacho kinaacha kurudi katika umbo lake kinapofikia mkazo wa megapaskali 250, kinafika mwisho wa ustahimilivu wake kwa unyumbuko wa asilimia 0.125 tu. Maana yake ni kwamba kompyuta itakutangazia chuma kimeharibika mara 12 kupita mpaka wake, ilhali hakuna mtu aliyekigusa ila kukizungusha. Metriki haidanganyiki namna hiyo, kwa sababu mzunguko haubadilishi umbali, na C ya bamba lililozungushwa ni matriksi ya utambulisho ileile.

Hatua ya tatu: tafuta mivuto mikuu, kisha mkazo

Thamani za aigeni za C ni miraba ya mivuto mikuu, yaani uwiano wa urefu mpya kwa wa zamani katika pande mbili zilizo wima kwa kila moja. Kwa mkanda wetu thamani hizo ni 2.020 na 0.705, na vipeuo vyake vya pili ni 1.42 na 0.84. Mwelekeo wa mvuto mkubwa umekaa digrii 12.4 kutoka upande wa kwanza wa mraba, na ukirudi kuupima mshazari ulioanza nao utaukuta hapohapo.

Mpira haubadilishi ujazo wake kwa kiasi cha maana, kwa hiyo mivuto yote mitatu ikizidishwa lazima itoe 1. Unene basi umepungua hadi 0.838 ya unene wa mwanzo. Angalia jinsi 0.84 ya upana na 0.838 ya unene zilivyokaribiana: hiyo ni dalili kwamba mkanda ulivutwa upande mmoja tu, ukajibana sawasawa katika pande mbili zilizobaki. Kwa modeli rahisi ya mpira iitwayo neo-Hookean, mkazo mkuu ni moduli ya mkato (ukinzani wa nyenzo dhidi ya kusukumwa mshazari) mara tofauti kati ya mraba wa mvuto husika na mraba wa mvuto wa unene. Tukiichukua moduli hiyo kuwa megapaskali 0.4, kiasi cha kawaida kwa mpira laini, mkazo mkubwa unakuwa megapaskali 0.53 na ule wa pili unakaribia sifuri kabisa. Rula na namba tatu zimetufikisha kwenye mkazo, na zimetuonyesha kwa njia ya pembeni kwamba hatukukosea.

Hatua ya nne: uliza kama vipande vinapatana

Hapa ndipo jiometria ya difarenshali inapoonyesha thamani yake, nami naomba msomaji asiharakishe.

Umejaza bamba zima kwa miraba midogo na kila mmoja umeupatia metriki yake. Je, kuna mahali katika nafasi yetu ya kawaida ambapo miraba hiyo yote inaweza kukaa pamoja bila kuacha pengo wala kupandana? Jibu linatokana na mpindo unaokokotolewa kutoka metriki yenyewe. Mwaka 1827 Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba mpindo wa uso, ule unaobeba jina lake hadi leo, unaweza kujulikana kwa kupima umbali ndani ya uso huo tu, bila kutoka nje kuutazama.

Manda ya sambusa inakunjwa kuwa koni bila kuchanika, kwa kuwa koni ina mpindo wa Gauss wa sifuri kama ulivyo ubapa wa manda. Karai ni habari nyingine. Fundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, akitaka kuligeuza bati la duara lenye nusu kipenyo cha milimita 150 liwe bakuli lenye nusu kipenyo cha tufe cha milimita 300, jiometria inamdai malipo. Mzingo wa bati bapa ni milimita 942.5. Juu ya tufe, duara lililo umbali uleule wa milimita 150 kutoka katikati, ukipimwa kwa kufuata uso, lina mzingo wa milimita 903.7. Kuna ziada ya milimita 38.8 ukingoni isiyo na pa kwenda. Fundi hugonga katikati ili bati litanuke na kuwa jembamba, au huuacha ukingo ukunjamane kisha akaufinya kwa nyundo. Hakuna njia ya tatu, na hakuna ustadi wa mkono unaoweza kulikwepa deni hilo la asilimia 4.

Kwa unyumbuko mdogo katika bapa, sharti la upatanifu linaandikwa hivi: drivativu ya pili ya E11 kwa y, jumlisha drivativu ya pili ya E22 kwa x, toa mara mbili ya drivativu mchanganyiko ya E12, lazima iwe sifuri. Huo ni mpindo wa Gauss ukiwa umevaa mavazi ya uhandisi. Katika vipimo vitatu masharti huwa 6.

Tumia sharti hili kwa njia mbili. Kwanza ni kipimo cha data yako: jumla isipokuwa sifuri katika mpira uliovutwa kidogo tu, umekosea kupima. Pili, na hii ndiyo muhimu zaidi, mpindo usio sifuri katika metriki inayotakiwa na joto, unyevu au ukuaji ni onyo la mkazo wa ndani. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 za milioni kwa kila digrii. Doa linalopashwa moto zaidi ya majirani zake kwa digrii 500 linataka kutanuka kwa asilimia 0.6, karibu mara tano ya unyumbuko ambao chuma laini kinaustahimili, na majirani hawakubali. Ndiyo sababu bamba lililochomelewa hupinda likipoa, na kila fundi wa kuchomelea analijua hilo kwa macho kabla ya kulijua kwa hesabu.

Vitu vyembamba: kupinda ni rahisi, kuvuta ni ghali

Kwa magamba membamba, yaani kuta nyembamba kama za kopo, unahitaji majedwali mawili: lile la umbali, yaani metriki, na lile la mpindo linaloeleza jinsi uso unavyogeuka katika nafasi. Nishati ya kuvuta uso hukua sambamba na unene, lakini nishati ya kuupinda hukua kwa unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Ukipunguza unene nusu, gharama ya kuvuta inabaki nusu na gharama ya kupinda inabaki moja ya nane. Kwa hiyo gamba jembamba litatafuta kila njia ya kupinda ili lisivutike.

Simamisha kopo tupu la soda na ulikanyage polepole. Kwa ukuta wa takriban milimita 0.1, nusu kipenyo cha milimita 33 na moduli ya gigapaskali 70, fomula ya kale ya mkazo wa kubonyea, ambayo ni 0.605 mara moduli mara unene gawanya kwa nusu kipenyo, inatoa megapaskali 128, sawa na kubeba uzito wa kilo 270. Katika hali halisi kopo huanguka mapema zaidi, na ukiligusa ubavuni kwa kidole wakati umelisimamia, linabonyea mara moja. Warner Koiter, katika tasnifu yake ya mwaka 1945 huko Delft, Uholanzi, alieleza sababu: dosari ndogo mno za umbo hupunguza sana uwezo wa gamba la aina hii. Tazama mikunjo inayobaki kwenye kopo. Mara nyingi ni vibapa vyenye sura ya almasi, yaani kopo limechagua umbo ambalo karibu kila mahali halina mpindo wa Gauss, likalipa kwenye mistari ya mikunjo tu. Unapotengeneza modeli ya gamba, basi, usiingize silinda kamilifu. Ongeza dosari za ukubwa wa sehemu ya unene, kwa kuwa hata miongozo ya usanifu hupunguza namba ya fomula hadi chini ya nusu kwa kopo la vipimo hivi.

Hatua ya tano: tenga kinachorudi na kisichorudi

Waya wa shaba ukiupinda kidogo unarudi, ukiupinda sana haurudi. Katika hali ya pili, safu za atomi zimeteleza juu ya nyingine kwa msaada wa mitaguko, kasoro ambazo Taylor, Orowan na Polanyi walizieleza kila mmoja kwa njia yake mwaka 1934. Ili kuelewa mtaguko, fikiria shamba la mahindi ambalo mstari mmoja umeanzia katikati ya shamba. Tembea hatua 10 za mashina kwenda kulia, 10 kwenda mbele, 10 kushoto na 10 kurudi nyuma, ukiuzunguka mwanzo wa mstari huo. Hutarudi kwenye shina uliloanzia. Pengo linalobaki ndilo vekta ya Burgers, na katika shaba urefu wake ni nanomita 0.256.

Mwanahisabati Élie Cartan wa Ufaransa alikuwa ameanza kuchunguza nafasi zenye msokoto, ambamo mizunguko haifungi, mnamo 1922, bila kufikiria chuma. Kondo huko Japani mwaka 1952, na Bilby, Bullough na Smith huko Uingereza mwaka 1955, waligundua kwamba msokoto huo ni wingi wa mitaguko hasa. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa mikutano mizuri kabisa kati ya hisabati na karakana.

Kwa vitendo, andika F kuwa Fe mara Fp, ambapo Fp ni utelezi usiorudi na Fe ni mvuto unaorudi wa kimiani, yaani mpangilio wa safu za atomi. Mkazo ukokotolewe kutoka Fe peke yake, kwa metriki Ce ambayo ni FeᵀFe. Kisha kokotoa mzunguko wa Fp, yaani zile tofauti za drivativu zake zinazoonyesha kama mizunguko midogo inafunga. Usipokuwa sifuri, una mitaguko ambayo jiometria imeilazimisha kuwepo. John Nye alitoa kanuni rahisi mwaka 1953: kupinda kimiani kwa nusu kipenyo R kunadai mitaguko 1/(Rb) kwa kila mita ya mraba, b ikiwa urefu wa vekta ya Burgers. Waya wa shaba wa milimita 2 uliopindwa kwa nusu kipenyo cha milimita 100 unadai karibu bilioni 39 kwa kila mita ya mraba. Upinde na kuunyoosha mara kwa mara, nao unazidi kuwa mgumu kwa sababu mitaguko inazuiana njia, hadi ufa unapoanza.

Hatua ya sita: majirani wanapoachana

Mpaka hapa kila kitone kimebaki na majirani zake. Ufa unavunja ujirani huo: vitone viwili vilivyokuwa pamoja sasa viko kwenye nyuso mbili tofauti, na F haina maana juu ya mstari uliowatenganisha. Alan Arnold Griffith mwaka 1921 aliuliza swali la nishati: je, nishati inayofunguliwa ufa ukikua inatosha kulipia nyuso mpya? Kwa kioo chenye moduli ya gigapaskali 70 na nishati ya uso ya juli 1 hivi kwa mita ya mraba, ufa wa milimita 1 kutoka ukingoni unakua kwa mkazo wa takriban megapaskali 6. Fundi wa vioo anayekwaruza mstari kisha kukivunja kioo kwa mikono miwili anaitumia hesabu hiyo kila siku.

Eshelby mwaka 1951 aliitazama nguvu inayousukuma ufa kama nguvu inayofanya kazi katika hali ya mwanzo, juu ya anwani X, si juu ya mahali x. James Rice mwaka 1968 aliigeuza kuwa intigrali J, inayokokotolewa kwa kuuzunguka ufa: jumlisha msongamano wa nishati mara dy, kisha toa mkazo wa mpakani mara drivativu ya msogeo kwa x mara urefu wa kipande kidogo cha njia. Maadamu nyenzo ni ya mnyumbuko na ni ileile kandokando ya ufa, njia yoyote unayoichagua inatoa jibu moja. Kokotoa kwa njia tatu za ukubwa tofauti. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia chache, wavu wako wa kompyuta, yaani vipande vidogo ulivyoigawia modeli, una vipande vikubwa mno karibu na ncha.

Ukitaka ufa uchague njia yake, tumia modeli inayousambaza katika upana mdogo, iliyojengwa juu ya wazo la Francfort na Marigo la mwaka 1998. Vipande vya wavu visizidi nusu ya upana huo, la sivyo nishati ya mvunjiko itategemea wavu badala ya nyenzo.

Kabla ya kuuamini msimbo wako

Anza kwa kuingiza mkanda wa tyubu na kudai 1.42, 0.84 na digrii 12.4. Kisha zungusha modeli nzima kwa digrii 90: nishati isibadilike hata kidogo, na mkazo uzunguke pamoja na modeli. Halafu chunguza determinanti ya F katika kila kipande cha wavu na katika kila hatua ya mzigo. Ikifika sifuri au ikawa hasi, nyenzo imejipenya yenyewe, na hapo simamisha hesabu upunguze hatua ya mzigo badala ya kuiacha programu iendelee. Majaribio hayo matatu yakipita, ndipo uweke ufa wa kwanza, ukianza na ule wa milimita 1 kwenye kioo, ambao jibu lake unalo tayari.